Anwani Isiyo na Sanduku

Katika kijiji cha Chiwata, mtu aliyetaka kutuma barua alipita kwanza kwa Mzee Reginald. Si kwamba watu hawakujua kuandika. Wengi walijua. Lakini Reginald alikuwa amefanya kazi posta miaka kumi na tisa, akichambua barua. Aliujua kila mji wa nchi hii na njia ya kuufikia, ingawa miji mingi hakuwahi kuiona kwa macho. Mwaka 1994 shirika la posta na simu lilipogawanywa, wafanyakazi wengi walipunguzwa, naye akiwamo. Akarudi nyumbani kwenye mikorosho ya marehemu baba yake. Alirudi na koti moja la kazi, baiskeli, na fahari yake.

Mkewe aliitwa Anastasia. Watoto wao wakubwa walikuwa wameshaoa na kuolewa. Nyumbani alibaki Isabela, kitinda mimba, msichana wa miaka kumi na tisa. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kumaliza kidato cha nne. Asubuhi aliteka maji, kisha akaenda na baba yake kufyeka majani chini ya mikorosho. Walifanya kazi huku wakizungumza. Mara nyingi walizungumza juu ya kazi ya uuguzi, maana Isabela hakutaka kazi nyingine.

Mwanzoni mwa Agosti mwaka 2004, Isabela aliitwa shuleni kwake alikosoma. Alirudi anakimbia, ameshika kikaratasi. Reginald alivaa miwani akasoma kwa sauti ili Anastasia naye asikie:

"Isabela Reginald amechaguliwa kujiunga na Chuo cha Uuguzi Mlimbondo. Athibitishe kwa barua pepe kabla ya tarehe 20 Agosti. Asiyethibitisha, nafasi yake atapewa mwingine."

Chini yake palikuwa na mstari mmoja: udahili@mlimbondo.ac.tz.

Anastasia alikaa chini kwenye kizingiti akafunika uso kwa kanga. Alikuwa analia kwa furaha.

Reginald aliutazama ule mstari wa mwisho kwa muda mrefu. Hakuona namba ya sanduku. Hakuona jina la mji. Aliona herufi a imezungushiwa mkia, kitu ambacho hakuwahi kukiona juu ya bahasha.

"Karani wao si mzoefu," alisema. "Lakini anwani ni anwani. Mtu huandika kama alivyopewa."

"Baba," Isabela alisema, "wenzangu wanasema barua pepe inatumwa kwa kompyuta. Mwalimu Sultani alisema twende Masasi, kuna chumba cha intaneti karibu na stendi."

"Pepe ni nini? Si upesi? Barua pepe ni barua ya haraka. Nitaituma kwa rejista, na ya haraka."

"Lakini baba, wenzangu..."

"Wenzako wamefanya kazi posta miaka kumi na tisa?"

Isabela akaenda kumletea karatasi na kalamu. Alikuwa amelelewa kumheshimu baba yake. Tena aliamini kwamba katika mambo ya barua, baba yake hawezi kukosea.

Kesho yake Reginald alipanda baiskeli hadi Masasi. Barua aliiandika mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri. Juu ya bahasha alinakili ule mstari, pamoja na ile herufi yenye mkia. Kijana wa dirishani aliigeuza bahasha mara mbili.

"Mzee, hii inakwenda wapi?"

"Wewe ipokee. Mimi nimeifanya kazi hii kabla hujazaliwa," Reginald alimjibu.

Kijana akaipokea.

Siku zikaenda. Anastasia alishona mashuka mawili. Isabela alipanga nguo zake ndani ya sanduku la bati. Majirani walikuja kumpongeza, mmoja na sabuni, mwingine na kilo ya karanga. Tarehe 20 ikapita. Jibu halikuja, lakini Reginald aliwaambia barua za vyuo huchelewa.

Tarehe tisa Septemba alikwenda Masasi kununua jembe, akapitia posta. Kijana yule yule alimwita kwa jina, akampa bahasha. Ilikuwa yake mwenyewe. Juu yake palipigwa muhuri na kuandikwa kwa kalamu nyekundu: ANWANI HAIJULIKANI.

Reginald aliisukuma baiskeli, hakuipanda. Njia nzima aliisukuma. Alipofika nyumbani aliificha bahasha ndani ya koti lake la zamani, akasema kichwa kinamuuma. Kwa siku nne alimtazama binti yake akilikunjua na kulikunja upya shuka lake, asiseme neno. Siku ya tano Isabela aliuliza, "Baba, tiketi tutaikata lini? Wenzangu wameshaondoka."

Ndipo Reginald akaenda kulileta lile koti. Akatoa bahasha akaiweka mezani.

Isabela aliisoma. Hakulia.

"Nilikuambia, baba," alisema.

Aliingia ndani, akatoa nguo moja moja kutoka kwenye sanduku, akazitundika kwenye kamba. Mashuka mawili alimrudishia mama yake.

Msimu wa korosho ukaanza. Isabela aliokota korosho tangu alfajiri hadi jua kali, lakini sasa aliokota upande wake na baba yake upande wake. Baba akimwuliza jambo, alijibu "ndiyo" au "hapana". Akimsalimia, alisema "Shikamoo" huku anatazama pembeni. Mabibo, yale matunda ya mikorosho, yalioza chini ya miti na harufu yake ikajaa shamba zima. Reginald alikonda. Watu walipomletea bahasha awaandikie anwani, alikataa akasema macho yameharibika. Hayakuwa yameharibika. Hakutaka tena kuona anwani yoyote. Alijiona mtu aliyechukua maisha ya mtoto wake akayatumbukiza katika sanduku lisilo na kitako.

Jioni moja Anastasia alimkuta amekaa nyuma ya nyumba, ameshika bahasha ile.

"Baba Isabela, utaitazama mpaka lini?"

"Nimemwua mtoto, mama Isabela."

"Hajafa. Yuko jikoni anasonga ugali. Ulikosa kwa kutojua. Basi nenda kajue. Mimi sijui kompyuta wala intaneti, lakini najua hapa nyuma ya nyumba hazipo."

Maneno hayo yalimchoma. Alhamisi iliyofuata alirudi Masasi.

Chumba cha intaneti kilikuwa jirani na duka la madawa ya kilimo. Ndani palikuwa na kompyuta tano na mwanamke mmoja aliyevaa ushungi wa kijani. Aliitwa Stamili. Kazi ya kompyuta aliisomea Mtwara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kuandika kitu. Nimekuja kuuliza nilikosea wapi."

Akamwekea bahasha mezani. Stamili aliisoma ile anwani, akasoma muhuri, akasoma kalamu nyekundu. Hakucheka. Reginald alikuwa amejiandaa kuchekwa, na kwa kuwa hakuchekwa, macho yake yalilowa.

"Kaa, baba," alisema Stamili. "Anwani yenyewe hukukosea hata herufi. Ulichokosea ni njia. Barua hii haipiti posta. Haina karatasi wala stempu. Inapita kwenye mtandao."

"Mtandao ni nini? Nasikia watu wanasema tu."

Stamili alimwonyesha nyaya zilizotoka nyuma ya kila kompyuta. "Hizi tano zimeunganishwa. Ninachoandika kwenye hii, naweza kukisoma kwenye ile. Zikiungana hivyo ziweze kupeana habari, tunasema ni mtandao. Huu ni mdogo, wa chumba kimoja. Tunauita mtandao wa ndani."

"Na intaneti?"

"Chumba hiki kina mtandao wake. Hospitali kubwa zina mitandao yao. Vyuo vina yao. Ulaya wana yao. Mitandao yote hiyo ikiunganishwa, dunia nzima, huo muungano ndio intaneti."

"Sasa kutoka hapa inaunganika vipi? Sioni waya unaokwenda Dar es Salaam."

Stamili alimwonyesha kisanduku chenye vitaa vya kijani. "Hii ni modemu. Inageuza maneno ya kompyuta yawe mawimbi yanayoweza kusafiri. Yanapanda kwenye dishi lililo juu ya paa, dishi linayarusha kwenye setilaiti huko angani, na setilaiti inayateremsha upande wa pili."

Reginald aliivuta bahasha yake, akaweka kidole juu ya mstari. "Nisomee hii."

"Soma wewe, baba. Anza kutoka nyuma."

"Tz."

"Hiyo ni nchi. Tanzania."

"Ac."

"Hiyo ni aina. Ni ya vyuo na taasisi za elimu ya juu."

"Mlimbondo."

"Chuo chenyewe. Maneno hayo matatu pamoja, mlimbondo.ac.tz, tunayaita kikoa. Ni kama kusema mtaa na nyumba. Halafu kuna hii alama yenye mkia. Wengi wetu tunaiita 'eti'. Maana yake ni 'kwenye'. Na mbele yake kabisa ni nani anayepokea."

"Udahili," Reginald alisema polepole. "Ofisi ya udahili, kwenye Mlimbondo, ya vyuo, Tanzania."

Miaka kumi na tisa alikuwa amechambua barua hivyo hivyo. Kwanza alitazama mstari wa mwisho, nchi. Kisha mkoa, kisha mji. Jina la mtu lilikuwa la mwisho kabisa. Anwani ile ilikuwa inasomeka. Angeuliza swali moja tu mwezi wa nane, angeisoma.

"Inachukua siku ngapi kufika?" aliuliza.

"Dakika moja. Pengine chini ya hapo."

Reginald aliinamisha kichwa mezani. Stamili akaondoka kidogo, akamwacha.

Siku hiyo hawakuandika kitu, kwa sababu umeme ulikatika. Alhamisi ya pili umeme ulikuwapo, lakini upepo ulikuwa umelisogeza dishi na taa moja ya modemu ilikuwa nyekundu. "Mtandao haupo," Stamili alisema. "Kompyuta zinawaka, lakini haziwezi kuongea na nje." Reginald alirudi Chiwata mikono mitupu. Isabela alimwona akiingia na baiskeli, asimwulize alikotoka.

Alhamisi ya tatu mtandao ulikuwapo. Stamili alimfungulia Reginald anwani yake mwenyewe ya barua pepe.

"Barua zangu zitakaa humu kwenye mashine hii?" aliuliza Reginald.

"Hapana. Zitakaa kwenye seva. Seva ni kompyuta isiyozimwa, iko mbali. Kazi yake ni kutunza vitu vya watu na kuwapa wakiviomba. Ndiyo maana unaweza kuzisoma hapa, ukazisoma na Newala, ukazisoma popote penye intaneti."

"Basi ni sanduku la posta."

"Ni kama sanduku la posta. Ufunguo wake ni neno la siri. Chagua neno ambalo mtu hawezi kulibahatisha. Usiweke jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Changanya herufi na namba. Usimwambie mtu yeyote, hata mimi. Sasa nageuka, andika."

Stamili akatazama dirishani mpaka alipomaliza.

Kisha Reginald aliandika kwa kidole kimoja. Aliomba radhi. Alieleza kwamba kosa ni lake, si la binti yake. Iliyobaki ilikuwa anwani. Aliiandika kwa uangalifu, akabonyeza "Tuma". Haukupita muda, ujumbe ukaingia: barua haikufika, anwani haipo.

Reginald aliisogelea skrini. "Imerudi," alisema. "Imerudi tena."

"Ngoja, baba. Tazama hapa. Umeacha nafasi baada ya hii nukta. Anwani ya barua pepe haina nafasi ndani yake. Kompyuta haiwezi kukisia kama karani wa posta anavyokisia. Kikizidi kitu kimoja, anwani ni nyingine. Lakini imerudi sasa hivi, haikuchukua mwezi mzima. Futa ile nafasi, utume tena."

Akafuta, akatuma. Safari hii haikurudi.

"Imekwenda nzima?" aliuliza.

"Haiendi nzima. Inakatwa vipande vidogo, tunaviita pakiti. Kila pakiti ina namba yake na anwani. Vinaweza kupita njia tofauti. Vikifika, vinapangwa upya."

"Na kimoja kikipotea?"

"Kompyuta ya upande wa pili inaona namba imeruka. Inaomba kitumwe tena."

Reginald alifikiria mifuko ya barua aliyoifunga kwa mikono yake maisha yake yote. Alifikiria ile barua moja, ya mwanawe, ambayo hakuna upande wa pili uliojua kwamba imepotea.

Jibu alilikuta Alhamisi iliyofuata. Lilikuwa fupi.

"Ndugu Reginald. Tumepokea maelezo yako. Tunasikitika kwamba nafasi ya Isabela alipewa mwombaji mwingine tarehe 23 Agosti na masomo yameshaanza. Hatuna la kufanya kwa mwaka huu. Tangazo la maombi ya mwaka ujao litakuwa kwenye tovuti ya chuo."

Alilisoma mara tatu. Alikuwa amejidanganya kwamba akijifunza vizuri, akiomba radhi vizuri, mlango utafunguka. Sasa aliambiwa wazi, kwa tarehe, kwamba kulikuwa na siku tatu tu kati ya siku ya mwisho na siku binti yake alipopoteza nafasi. Siku zile tatu yeye alikuwa akiwaambia watu kwamba barua za vyuo huchelewa.

"Mwanangu, tulifunge," alisema. "Nimechoka."

Stamili hakulifunga. "Wamesema tovuti. Unajua tovuti ni nini, baba?"

"Sijui. Wala sina haja."

"Ni kurasa ambazo chuo kimeziweka kwenye seva ili mtu yeyote azisome. Kama ubao wa matangazo, ila unausoma ukiwa Masasi. Programu ya kuzifungulia inaitwa kivinjari. Naandika hapa juu anwani ya tovuti. Tazama, ndiyo hii." Ukurasa ulifunguka taratibu, kuanzia juu kushuka chini. "Fomu zitatoka mwezi wa pili. Mwezi wa pili ni karibu, baba."

Reginald alirudi nyumbani akamweleza Isabela yote. Alimkuta anabangua korosho mbele ya nyumba, vidole vimeungua kwa utomvu.

"Sitaki," alisema Isabela.

"Mwanangu..."

"Sitaki kungoja tena, baba. Kungoja kunauma kuliko kukosa."

Usiku ule na siku nyingi baadaye hakuna aliyelitaja jambo hilo. Reginald alitaka kuijaza fomu mwenyewe, kwa niaba yake. Mwezi wa pili ulipofika alimwambia Stamili hivyo. Stamili alikataa.

"Anwani iwe yake na neno la siri liwe lake. Ukimfungulia wewe, utakuwa umemfanyia tena kama mwanzo. Umechukua barua yake ukaipeleka unakojua wewe."

Reginald alirudi Chiwata na neno hilo. Jioni alilirudia mbele ya Isabela na mama yake, bila kupunguza.

"Dada wa Masasi amesema kweli," alimaliza. "Barua ilikuwa yako. Ulijua iende wapi. Nilikunyang'anya. Safari hii sitaigusa. Ukitaka, baiskeli ile pale. Usipotaka, sitakuuliza tena."

Anastasia alimtazama mumewe kama mtu asiyemfahamu. Hakuwahi kumsikia akisema hivyo mbele ya mtoto.

Siku mbili baadaye Isabela alisema, "Nitakwenda. Lakini nitakwenda peke yangu."

Akaenda. Reginald alibaki shambani, akipalilia mstari mmoja mara mbili bila kujua. Huko Masasi Stamili alimfundisha Isabela kupakua fomu, yaani kuitoa kwenye seva ya chuo na kuihifadhi kwenye kompyuta iliyo mbele yake. Wakaijaza. Vyeti vyake vikapigwa picha kwa mashine, vikafungwa pamoja na barua pepe. "Hivi vinaitwa viambatisho," Stamili alimwambia. "Kabla hujatuma, hakikisha vimo. Wengi hutuma barua tupu." Isabela akahakikisha, akatuma. Alirudi jioni, akamwambia mama yake, "Imekwenda." Baba yake alikuwa amekaa pale pale, akasikia.

Ukaja muda wa kungoja, na ulikuwa mbaya kama Isabela alivyosema. Machi hakuna. Aprili mvua zilikata barabara, hakuna aliyefika Masasi. Isabela alikuwa ameandika anwani ya baba yake kama ya pili, kwa sababu fomu ilidai anwani ya mzazi. Kila Alhamisi Reginald alikwenda kufungua kisanduku chake, akakuta hakuna kitu, akarudi. Mwezi wa tano alikuta ujumbe. Ulisema: "Hongera, binti yako amepata nafasi ya uuguzi. Tuma anwani yake na neno lake la siri leo hii, la sivyo nafasi itapotea."

Leo hii. La sivyo itapotea. Alikuwa tayari ameanza kuandika anwani ya Isabela. Kisha macho yake, yale ya miaka kumi na tisa, yakaenda juu kwenye anwani ya mtumaji, yakaanza kusoma kutoka nyuma. Hapakuwa na tz. Hapakuwa na ac. Mlimbondo haikuwamo kabisa.

"Stamili," aliita, "hii haikutoka chuoni."

Stamili alikuja akasoma. "Kweli. Ni barua taka ya matapeli. Wanatuma elfu kwa elfu, wakimpata mmoja aliyekata tamaa, basi. Hakuna chuo wala ofisi ya kweli inayokuomba neno la siri. Ifute, usijibu."

Akaifuta. Alipotoka nje alikaa kwenye kibaraza cha duka la jirani. Alikuwa ameuona uongo, lakini furaha ya dakika moja iliyomwingia kabla ya kuuona ilimwacha mtupu kuliko mwanzo.

Tarehe 16 Juni alikuta ujumbe mwingine. Safari hii alisoma anwani kabla ya kusoma barua. Tz. Ac. Mlimbondo. Udahili. Ndipo akasoma maneno.

Isabela alikuwa anavuna mtama. Alimwona baba yake akija katikati ya shamba, bado amevaa viatu vya safari. Akashusha kisu.

"Wamekuchagua," alisema Reginald. "Wanataka uthibitishe kwa barua pepe kabla ya tarehe thelathini."

Isabela hakurukaruka. Aliuliza, "Umesoma vizuri?"

"Nimesoma mara nne. Lakini kwako nako wameandika. Nenda kasome mwenyewe."

Alikwenda siku iyo hiyo, akapanda pikipiki ya Mwalimu Sultani aliyekuwa anakwenda mjini. Alithibitisha kwa mikono yake. Hakuondoka kwenye kiti mpaka chuo kilipojibu kwamba wamempokea. Stamili alimchapia jibu hilo kwenye karatasi, Isabela akampelekea mama yake. Anastasia hakulikunja. Alilibandika ukutani.

Mwezi wa tisa alisafiri. Kituoni alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Kwa baba yake alipiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, baba," akapanda basi. Reginald alisimama mpaka vumbi likatulia. Alijua kuna kitu kati yao ambacho hakijapona, na hakujua kama kitapona.

Alhamisi ya pili baada ya hapo alikwenda Masasi pamoja na Mama Yasinta, jirani yao, ambaye mwanawe alikuwa Nairobi na alitaka kufunguliwa anwani. Reginald alimweleza njiani mtandao ni nini na seva ni nini. Walipofika alimketisha kwenye kompyuta, naye akafungua kisanduku chake.

Barua ilikuwapo moja.

"Baba. Nimefika salama. Nimepewa kitanda cha dirishani. Leo mwalimu aliuliza nani amewahi kutumia barua pepe. Tuko ishirini na nane, tulionyoosha mikono ni wanne. Wengine nimewafundisha mimi jioni hii, na kazi imenichosha kwa sababu wanaacha nafasi kwenye anwani. Mwambie mama mashuka yametosha. Nijibu. Isabela."

Mwaka mzima alikuwa amempa baba yake "ndiyo" na "hapana". Reginald alilisoma tena lile neno "Nijibu" lililo kabla ya jina la binti yake. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Kisha akamwomba Stamili amwachie kile kiti kwa nusu saa nyingine, kwa maana alikuwa na mengi ya kuandika na kidole kilikuwa kimoja.